Vitwitwi wasio na miguu: siku tano Bagamoyo

Jumatano, mwezi 12 Ramadhani

Ramadhani mpiga picha za harusi hana kazi. Kumbi zimefungwa, washereheshaji wamekaa kimya, na hata wateja wa kicheni pati wanakwambia tuonane Mfungo Mosi. Miaka mingine mwezi huu naumalizia kwa kulala mchana na kutengeneza albamu za watu wanaonidai. Safari hii nimefunga begi nikaja Bagamoyo kupiga picha za ndege waliotikisika.

Niseme vizuri hapo, maana mke wangu mwenyewe aliuliza mara mbili. Sitaki picha kali za ndege. Hizo zimejaa, unyoya mmoja mmoja unahesabika, na wanaozipiga wana lenzi za bei ya kiwanja. Nataka shata, kile kilango cha kamera kinachoingiza mwanga, ikae wazi kwa muda, ndege apite wakati picha bado inajiandika, kibaki kile alichokifanya na si sura yake ya kitambulisho.

Ugonjwa huu nilianza kuumwa ukumbini. Harusi moja Mbagala, jenereta lilikufa katikati ya ngoma. Watu hawakuacha kucheza, na mimi nikaishusha shata hadi 1/8 ya sekunde kwa taa za simu tu. Bibi mzaa mama wa bi harusi alikuwa anacheza chakacha. Picha ilipotoka, khanga yake ilikuwa imegeuka moshi, kiuno hakijulikani kilipo, lakini uso wake umetulia kabisa anamtazama mjukuu wake. Nikaiweka kwenye albamu kwa majivuno. Baba wa bi harusi akanikata elfu hamsini kwa "picha mbovu". Sikubishana, ila picha ile ninayo mpaka leo, na swali lake ninalo: kwa nini ile moja ilitoka, na zile kumi nyingine nilizopiga dakika ile ile zilikuwa takataka tupu?

Bibi anayecheza chakacha gizani humpati tena. Kitwitwi, kindege cha ufukweni, unampata. Wimbi likija anakimbia, likirudi analifukuza, asubuhi mpaka magharibi, na hakukati pesa. Ndiyo sababu ya safari.

Basi la Makumbusho saa nne. Tegeta, Bunju, Mapinga, Zinga, begi la kamera mapajani kama mtoto mgonjwa. Ni kilomita 70 hivi, lakini foleni ya Tegeta peke yake ni safari nyingine.

Nimepanga chumba kwa bibi mmoja jirani na Mji Mkongwe, nyumba ya mlango wa nakshi ambao chini umeliwa na mchwa. Futari uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi, kaimati. Akauliza nimefuata nini. Nikasema ndege. "Wa kula?" Nikasema hapana, wa picha. Akanisukumia bakuli la kaimati bila neno.

Alhamisi, mwezi 13

Sikuchagua siku hizi kwa kubahatisha. Mtu wa pwani haulizi kalenda ya ukutani kujua bahari, anauliza mwezi. Mwezi 13, 14, 15 ni bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana. Pwani yetu hii, siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi, ya alfajiri na ya jioni, halafu saa nne yako mbali huko, watu wanaokota chaza. Bamvua za Machi na Septemba ndizo kubwa kuliko zote za mwaka, kwa kuwa jua linakuwa limekaa juu ya ikweta. Kwa mpiga picha maana yake ni moja: jua likiwa chini, asubuhi na jioni, maji yako karibu na nchi kavu, na ndege wamesukumwa yalipo. Ningekuja kwenye maji mafu, yale yasiyojaa sana wala kupwa sana, ningekuta maji yanajaa saa nne asubuhi chini ya jua kali.

Nimekuja Machi hii kwa sababu nyingine pia. Wengi wa ndege hawa ni wageni. Wanazaliana kaskazini kabisa, Siberia huko kwenye barafu, wanafika kwetu kuanzia Agosti na Septemba, wanakula mpaka Aprili, wanarudi. Sasa hivi wako kwenye karamu ya mwisho.

Baada ya swala ya alfajiri nikashuka ufukweni, chini ya soko la samaki. Mwanga wa kijivu, ngalawa zimelala ubavu, kaskazi inavuma kidogo. Babu mmoja amekaa juu ya gogo anashona wavu, sindano inaingia na kutoka bila yeye kuitazama.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Umelala salama?"

"Salama. Vitwitwi wanakaa wapi hapa?"

Akanyoosha kidevu upande wa kaskazini. "Wanakaa? Hawakai hao." Kwake kila ndege mdogo wa mchangani ni kitwitwi, na yule mkubwa mwenye mdomo mrefu uliopinda ni sululu, kama ile sululu ya kuchimbia. Vitabu vinawagawa majina kumi na zaidi. Mimi kwa picha hizi nimemfuata babu, maana ndege akishatikisika hata daktari wa ndege hamtambui.

Nikawaona: vitwitwi weupeweupe wasiozidi ishirini, kwenye ukingo wa povu. Nikawafuata. Wakasogea. Nikawafuata tena, wakaruka, wakazunguka juu ya maji, wakatua mita mia mbele. Hivyo hivyo mpaka nikawa nimetembea kama kilomita mbili, suruali imeloa mpaka magotini, na babu nyuma yangu amekuwa nukta.

Lakini nilipiga, na hapa niongee hesabu kidogo kwa wenye kamera. Iko kanuni ya tangu enzi za filamu: jua likiwa kali, tundu la lenzi f/16, shata yako ni sekunde moja ugawe kwa ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga. ISO 100, shata 1/100. Ukilibana tundu mpaka f/22, unashuka 1/50. Basi. Kamera yangu haina ISO chini ya 100, lenzi yangu haibani zaidi ya hapo. Kwa hiyo jua likishapanda, 1/50 ndio mwisho wa polepole yako.

Na 1/50 ni balaa. Kwa 1/1000 kitwitwi amegandishwa. Kwa 1/8 amekuwa rangi. Kwa 1/50 hajagandishwa wala hajatikisika, miguu ina kaukungu, jicho limelegea kidogo, na anayeitazama anasema tu "ulikosea". Zile picha kumi za harusini zilikuwa za namna hii, sasa ndio naziona. Mtikisiko ukiwa mdogo ni kosa. Ukitaka usiwe kosa, uongeze mpaka ionekane ulikusudia.

Dakika ishirini kabla na baada ya jua kuchomoza nilikuwa na mwanga hafifu wa kuniruhusu kushuka 1/8, na nilizitumia kufukuzana na ndege. Saa moja na nusu mchezo umekwisha. Nimerudi, babu bado anashona.

"Umewapata?"

"Wananikimbia, babu."

"Wewe unakwenda wanakotoka. Kaa. Maji yatawaleta."

Usiku baada ya tarawehe nikafungua laptopu. Picha 640. Kwenye kila moja, madoa. Kidoa juu kulia, viwili katikati, kimoja kama mbegu ya ufuta kabisa kwenye anga. Nilibadilisha lenzi ufukweni upepo ukivuma, nimejitakia. Vumbi la kwenye kioo cha ndani kinachopokea picha huwa halionekani ukipiga harusi kwa f/4. Ukibana f/22 linajitokeza lote, kama makombo kwenye shuka jeupe. Nimelala nimenuna.

Ijumaa, mwezi 14

Asubuhi nzima nimesafisha kamera kwa kapampu ka mpira, chumbani, feni imezimwa, madirisha yamefungwa, jasho linatiririka na koo kavu. Madoa matatu yameondoka, moja limekataa katakata.

Dawa ya hilo moja ilikuwa kwenye begi na nilikuwa siitumii: filta nyeusi niliyonunua Kariakoo, ya stopu tatu. Ni miwani ya jua ya lenzi, inapitisha sehemu moja ya mwanga kati ya nane. Nilikuwa naidharau kwa sababu inafanya kitafutio, kile kidirisha cha kulengea, kiwe giza. Lakini hesabu yake ni tamu: pale ambapo bila filta f/11 inakupa 1/200 juani, filta inakupa 1/25, na jua likishuka kidogo unaingia 1/8 bila kulibana tundu, na doa halionekani. Ningelijua hili jana ningeokoa siku.

Baada ya swala ya Ijumaa nikachukua bodaboda mpaka kwenye mashamba ya chumvi upande wa Nunge, kaskazini mwa mji. Mantiki ni hii: maji yakijaa saa kumi, ufukwe wote unamezwa, ndege hawana pa kusimama. Wanahamia kwenye mabwawa ya chumvi, maji ya kina cha kidole, wanalala humo wakisubiri bahari irudi ilikotoka. Mtu anayetaka kuwaona wengi kwa pamoja asihangaike na ufukwe, aende wanakolala.

Mlinzi alinisimamisha kwenye tuta. Akataka kujua natoka ofisi gani. Nikamwonyesha picha za jana kwenye kioo cha kamera ili aone ni ndege tu. Akazitazama moja moja kwa huruma.

"Kaka, hii kamera yako imeharibika."

Akaniruhusu. Nadhani ni kwa kunionea imani.

Saa tisa mchana kwenye mashamba ya chumvi, umefunga, ni adhabu. Chini kweupe, juu kweupe, joto linakujia kutoka pande zote mbili. Nikakaa nyuma ya tuta, kanzu kuukuu nimejifunika kichwani, kamera kwenye stendi fupi ya miguu mitatu, lenzi usawa wa maji. Saa tisa na nusu wakaanza kuja. Ishirini. Arobaini. Halafu kundi moja la kama mia wanapita chini kabisa wanageuka wote kwa pamoja, weusi, weupe, weusi, na kutua kwa sauti ya kitambaa kinachochanwa. Mpaka saa kumi na moja walikuwa kama 300. Wengine vifua vimeanza kuiva rangi ya tofali, hiyo ndiyo nguo ya kwendea kwao kuzaa. Nyuma yao yangeyange wanne wamesimama kama mashahidi wa ndoa.

Wakalala. Kila mmoja mguu mmoja, mdomo umefichwa mgongoni. Kitwitwi hafumbi macho kwa muda mrefu. Ukimtazama kwa lenzi unaona jicho linafunguka, linakukagua, linafunga. Mimi niliyekuja kutafuta mwendo nikawa nimekaa mbele ya ndege mia tatu wasiotikisika. Nikacheka peke yangu.

Kazi ikaanza jua lilipokuwa linatua. Tatizo la mwezi huu ni kwamba mwanga ninaoutaka na adhana ya magharibi ni kitu kimoja. Jua linazama saa kumi na mbili na nusu, na ndizo dakika ambazo filta na f/11 zinaniruhusu kuacha shata wazi sekunde nzima. Nilikuwa na tende tatu mfuko wa kushoto na chupa ya maji kwenye begi. Adhana ikaja kwa mbali kutoka mjini, misikiti miwili ikipishana. Nikatia tende mdomoni kwa mkono wa kushoto, wa kulia uko kwenye waya wa shata. Najua tende huliwa kwa mkono wa kulia. Mungu anisamehe.

Sekunde moja. Nikatazama kioo.

Maji yalikuwa yamelainika, mawimbi madogo ya upepo yamefutika, yamebaki kama bati lililopakwa mafuta, rangi ya zambarau. Waliolala wametoka wakali, mguu mmoja mmoja kama sindano zimechomekwa. Na katikati, kitwitwi mmoja aliyekuwa anachokoa manyoya amegeuka mvuke. Mmoja tu. Hana kichwa, hana mdomo, kamoshi ka rangi ya tofali kanapanda juu kama kanatoka kwenye sufuria.

Nikaelewa khanga ya yule bibi. Moshi ulikuwa moshi kwa sababu uso ulitulia. Zile nyingine kumi kila kitu kilikwenda, kamera ilikwenda, uso ulikwenda, kiuno kilikwenda, jicho la mtazamaji halina pa kusimama. Picha ya kutikisika inataka kitu kimoja kilichokataa kutikisika, na haijalishi ni ndege, ni jiwe, ni mstari wa upeo wa bahari. Wakati mwingine ni kichwa tu cha ndege ambaye mwili wote umekwenda.

Nilipiga 31 hivi, mpaka giza. Nikainua stendi taratibu nikarudi kwa kutambaa nyuma ya tuta ili nisiwaamshe. Mlinzi alinibakishia kikombe cha uji. Tende zilikuwa zimenata kwenye vitufe vya kamera, nimezifuta kwa mate.

Jumamosi, mwezi 15

Asubuhi nimelala. Sioni haya.

Jioni nikarudi chumvini na shabaha tofauti: wakiruka. Hapa mchezo unageuka. Stendi haina maana, kamera yenyewe lazima iende na ndege. Ndege hawa wakiwa angani wanakwenda kilomita hamsini na zaidi kwa saa, kama mita 15 kwa sekunde. Ukifungua shata 1/15, ndege anasogea mita nzima kabla haijafunga. Kamera ikisimama, mita hiyo yote inakuwa mstari. Kamera ikienda naye kwa mwendo ule ule, kiwiliwili kinabaki mahali pake kwenye picha, mabawa yanapigwa na kufutika, na nyuma mikoko inageuka kuwa mistari ya kijani. Kinachotulia safari hii ni ndege, kinachotikisika ni dunia.

Maneno rahisi hayo. Viwiko vimebana mbavu, miguu imepanuliwa, unazunguka kiunoni na si mikononi. Unamshika ndege kwenye kitafutio mapema, unaenda naye, unabonyeza bila kusimama, na unaendelea kuzunguka hata shata ikishafunga. Wengi tunasimama pale tunapobonyeza, kama mtu anayeogopa bunduki yake mwenyewe. Na lenzi yangu ina swichi ya kutuliza mtikisiko yenye namba mbili. Ya kwanza inapigana na kila mtikisiko, hata ule unaoutaka. Ya pili inatuliza wa juu na chini tu, inakuachia wa pembeni. Miaka minne nina lenzi hii, leo ndio nimejua namba mbili ni ya nini.

Kuna Mfaransa, Étienne-Jules Marey, mwaka 1882 alitengeneza bunduki ya picha. Bunduki kweli, ina mtutu na kitako, anamlenga ndege anayeruka inapiga picha 12 kwa sekunde moja. Mzee yule alikuwa anataka kumsimamisha ndege ajue bawa linafanyaje kazi. Miaka mia na arobaini baadaye kamera zetu zinasimamisha chochote, na mimi nimetoka Dar na nauli yangu kutafuta namna ya kutokusimamisha.

Dereva wa bodaboda alibaki ananitazama. Kijana mdogo, mwema, kachoka kusubiri. Ndege wamelala, mimi nimesimama na kamera chini.

"Broo, nikurushie jiwe waruke?"

Nikamwambia hapana, haraka kuliko nilivyokusudia, akashtuka. Nikamweleza: hawa wana wiki chache tu za kujaza mafuta mwilini, halafu wanakwenda zaidi ya kilomita elfu nane. Kila ukiwarusha bure unawachomea mafuta waliyokula kutwa. Wapo wapiga picha wanaorusha jiwe, au wanamtuma mtoto akimbie katikati ya kundi. Picha zao nzuri. Siwezi kuzitazama.

"Sasa watarukaje?"

"Tusubiri."

Tukasubiri mpaka saa kumi na moja na robo. Kijana ameanza kusinzia juu ya pikipiki. Ghafla mabwawa yote yakanyamaza, na ukimya ule ukanitangulia kuelewa. Ndege mia tatu wakawa wamesimama miguu miwili, shingo juu. Kozi, mwindaji wa ndege. Alikuja kutoka upande wa mto Ruvu, chini, hana haraka, mabawa magumu. Kundi likapasuka.

Sijui nilipiga vipi. Nakumbuka kiuno kikizunguka, kidole kimeganda, na sauti ile ya kitambaa kinachochanwa, safari hii kitambaa cha jahazi zima. Kundi linajikunja kama samaki wavuni, linatoa tumbo jeupe, linageuza mgongo linapotea, linarudi. Kozi akapita katikati mara mbili akatoka mikono mitupu, akaenda zake kwenye mikoko. Kozi mwana mandanda, kulala na njaa kupenda. Kijana wa bodaboda alikuwa amesimama juu ya kiti cha pikipiki anapiga mayowe.

Picha 214 kwa dakika zisizofika nne. Usiku nimezipitia zote. Nyingi ni supu. Katika nyingine kamera imekwenda kushoto kundi limekwenda kulia. Moja nimepiga magoti yangu. Zimebaki mbili. Ya kwanza ni kundi zima kama vumbi la mkaa lililopulizwa kwenye karatasi, na ndani yake, ukitafuta, ndege mmoja kichwa kimetoka safi, jicho jeusi kama mbegu ya papai. Ya pili haina ndege hata mmoja anayetambulika, ni mawimbi matupu ya weupe na weusi, isipokuwa chini ya picha ukingo wa tuta la chumvi ambao kwa bahati umetulia. Ningekuwa na haya, ningeifuta hiyo ya pili. Nimeiweka.

Bibi mwenye nyumba alichungulia akiwa na bakuli la tambi. Akaitazama ya kwanza muda mrefu.

"Hii ni nzi?"

"Ni ndege, bibi."

"Wengi hivi?" Akaketi.

Jumapili, mwezi 16

Siku ya kurudi. Maji yamejaa saa kumi na moja alfajiri, kwa hiyo jua linachomoza bahari ndiyo kwanza inaanza kurudi nyuma, ufukwe mwembamba kama mkeka. Nikafanya alivyosema babu. Nikatafuta mahali povu lilipokuwa linafika, nikaweka mfuko wa nailoni, nikakaa juu yake, kamera magotini, nikatulia.

Dakika kumi hakuna. Dakika ishirini wakaja kwa miguu, kumi na sita, wanakimbia ukingoni. Walipofika kwangu hawakuruka. Walinizunguka kama wanavyozunguka gogo, wengine mita tatu tu kutoka kwenye lenzi, naisikia sauti yao ndogo, twi, twi. Kumbe jina lake analisema mwenyewe.

Karibu hivyo unaona jambo ambalo kwa mbali hulioni. Kitwitwi akikimbia, mwili wake haupandi wala haushuki. Miguu peke yake ndiyo inayozunguka, kwa kasi ambayo jicho linaikataa, na juu yake mwili unapita umenyooka kama tray ya chai mkononi mwa mhudumu mzoefu. Kwa hiyo 1/15, ukienda naye taratibu, miguu inapotea yote na mwili unabaki. Ndege anaelea juu ya mchanga. Wimbi nyuma yake limekuwa maziwa. Nikapiga mpaka jua lilipokuwa kali na filta imeshindwa, saa moja na robo, halafu nikakaa tu bila kupiga mpaka wakaondoka wenyewe.

Kwa siku zote tano jumla ni picha 1,902. Nilizozibakisha ni 11, na kati ya hizo nne ni za asubuhi hii.

Nikapita kwa babu kumuaga na kumwonyesha. Wavu umekwisha, sasa anapaka ngalawa yake sifa, yale mafuta ya samaki, kwa kitambaa, harufu imejaa ufukwe mzima. Akafuta mikono, akaishika kamera kwa mbali kama watu wa umri wake wanavyoshika simu, akakunja uso.

"Hawa hawana miguu."

"Wanakimbia babu. Wanakimbia sana mpaka miguu haionekani."

"Mm." Akabonyeza mwenyewe kuendelea, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne akasimama. Kitwitwi mmoja amebaki, wenzake wamekuwa michirizi na wimbi limeshawafunika. "Huyu ndiye anayekuwaga wa mwisho. Kila kundi linaye." Akanirudishia.

Nikaanza kufunga begi. Akaniita.

"Nipige na mimi na ngalawa yangu. Wajukuu wako Tanga hawajaiona tangu niipake rangi."

Akasimama pembeni ya omo, mbele ya chombo, mkono juu ya mbao, kofia akainyoosha. Nikaitoa filta, nikafungua tundu, nikapandisha shata mpaka 1/1000.

"Lakini mwanangu," akasema, bado ametazama mbele, "yangu usiitikise."